Ukurasa wa kupaka rangi wa mwanao: akili mnemba inachora nini hasa?

Katika magrupu ya WhatsApp ya wazazi siku hizi linazunguka tangazo ambalo maneno yake hayatofautiani sana: tuma picha ya mtoto, lipia kidogo, upate kitabu cha kupaka rangi ambacho mhusika wake mkuu ni mwanao mwenyewe. Chini yake maswali hufuatana. Mmoja anauliza kama hiyo si ile programu ya kawaida ya kutoa rangi kwenye picha. Mwingine anasema akili mnemba huokota picha Google na kuziunganisha. Wa tatu ameshatuma picha nne za binti yake, na ndiyo kwanza anauliza zinakwenda wapi.

Swali la tatu ndilo lililonifanya niandike. Nimekuwa nikitengeneza kurasa hizi kwa ajili ya watoto wa nyumbani kwetu, nimekosea mara nyingi, na ninachokiona ni kwamba wazazi wengi wanatoa kitu ambacho kazi yenyewe haikihitaji: uso wa mtoto. Ili hilo lieleweke, tuanze na karatasi.

Kazi iliyoachwa nusu

Ukurasa wa kupaka rangi ni mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe, iliyofunga maeneo ambayo mtoto atayajaza. Aliyewahi kuona kofia ya mkono ikitengenezwa anaijua kazi ya namna hii. Nakshi huwekwa kwanza kwenye kitambaa cheupe, ndipo mshonaji afuatishe kwa sindano. Nakshi ile si kofia bado. Inauambia tu mkono wa mtu mwingine wapi pa kuanzia na wapi pa kukomea. Ukurasa wa mtoto nao ni kazi iliyoachwa nusu kwa makusudi, na ubora wake unapimwa kwa nafasi uliyomwachia.

Ukurasa wa mtoto mahususi ni ule wenye vitu vyake: jina lake, paka wao, baraza ya kwao, pengo la jino lililong'oka wiki iliyopita. Na akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, hapa nitaitumia kwa maana moja finyu tu: programu inayopokea maneno, au maneno pamoja na picha, ikatoa picha mpya ambayo haikuwepo.

Picha haina mistari

Chukua picha yoyote ya simu ya mtoto aliyekaa barazani, uivute mpaka shavu lijaze kioo. Hutaona mstari mweusi unaolizunguka. Utaona kahawia ya shavu imekutana na weupe wa ukuta, basi. Mstari ni uamuzi wa mchoraji: ameamua kwamba hapa pana mpaka unaostahili kuonekana, na kwamba mikunjo ishirini ya shati haistahili. Ukiielewa nukta hii, nusu ya mkanganyiko inaisha, kwa sababu mashine hufika kwenye mstari kwa njia mbili ambazo hazina undugu.

Njia ya kwanza ni ya zamani. Mwaka 1986 John Canny alichapisha njia ya kutafuta kingo ndani ya picha: kompyuta inalinganisha kila kitone kinachounda picha na majirani zake, na pale mwanga unapobadilika ghafla inaweka alama. Hakuna kuelewa chochote hapo, ni hesabu. Baadhi ya programu za simu zinazodai kugeuza picha kuwa mchoro hufanya kazi kwa hesabu za aina hii, hata kama jina lake limepambwa kwa akili mnemba. Kwa hiyo yule mzazi wa kwanza hakuwa mbali na ukweli.

Nilianza na njia hiyo. Mpwa wangu alikuwa anatimiza miaka mitano, nikachagua picha yake akiwa na bibi yake, bibi amejifunga kanga. Ukurasa uliotoka ulikuwa na mistari mitatu usoni na mistari isiyohesabika kwenye kanga. Pindo, mji, na yale maandishi tunayoyaita jina, vyote vilikuwa vimegeuka utando mweusi usio na nafasi hata ya kupenyeza ncha ya krayoni. Mtoto aliutazama kwa muda, kisha akapaka rangi ukuta wa nyuma. Ndiyo sehemu pekee iliyokuwa tupu.

Programu ile ilifanya kazi yake sawasawa. Kanga ina mabadiliko mengi ya mwanga kuliko uso wa mtoto, kwa hiyo kwa hesabu zake kanga ndiyo iliyokuwa na mengi ya kuonyesha. Haikuwa na namna ya kujua kwamba anayetafutwa kwenye picha ni mtoto.

Njia ya pili ni kuchora upya, na hii ndiyo akili mnemba inayozungumzwa. Waliokua na televisheni za antena wanazikumbuka chenga, zile punje nyeupe na nyeusi zilizojaa kiooni mawimbi yakikatika. Programu nyingi za kutengeneza picha hufunzwa kwa chenga. Inaonyeshwa picha pamoja na maelezo yake mafupi, kisha picha inamwagiwa chenga kidogo kidogo hadi inapotea, na kazi ya programu ni kukisia chenga zipi ziondolewe ili picha irudi. Zoezi hilo linarudiwa kwa mamilioni ya picha. Baadaye ukiiandikia "paka amelala juu ya mkeka", inaanza na chenga tupu ambazo ndani yake hamna paka, na kuziondoa hatua kwa hatua kuelekea kitu kinachofanana na paka juu ya mkeka. Mchongaji wa Kimakonde naye huanza na gogo la mpingo na kuondoa kisicho sanamu. Ila yeye amewahi kumwona mtu anayemchonga. Programu inajua tu kwamba mahali palipoandikwa neno paka, mara nyingi pameonekana masikio ya pembetatu, sharubu na mkia.

Je, inaokota picha Google?

Hapana, ila wasiwasi huo una mzizi wa kweli. Chukua mfano wa Stable Diffusion, modeli (yaani programu iliyokwisha kufunzwa kuchora) iliyotolewa kwa umma Agosti 2022. Ilifunzwa kwa sehemu ya mkusanyiko uitwao LAION-5B, wenye viungo, yaani anwani za mtandaoni, vya picha zaidi ya bilioni 5 zilizo mtandaoni pamoja na maelezo yake. Picha hizo ni za watu, na hawakuulizwa. Lakini faili la modeli yenyewe lilikuwa na gigabaiti 4 hivi. Ukiligawa kwa picha bilioni 2 tu, kila picha inapata nafasi ya kutosha kuandika herufi mbili. Hakuna ghala la picha humo ndani. Kilichobaki ni mazoea ya jinsi maumbo yanavyoambatana na maneno.

Kuna hali moja muhimu isiyofuata kanuni hiyo. Mwanzoni mwa 2023 watafiti walijaribu picha 350,000 kati ya zile zilizojirudia sana kwenye mafunzo ya modeli hiyo, wakafanikiwa kuzitoa kama mia moja zikiwa karibu sawa na asili. Kitu kilichoonekana mara nyingi mno hukaririwa, kama sisi tunavyokariri tangazo la redio bila kutaka. Ndiyo maana katuni mashuhuri hutoka ilivyo ukiitaja tu, ilhali nyumba ya bibi yako Pangani haiwezi kutoka isipokuwa umeieleza.

Siku mbuzi alipoingia jikoni

Kwa kuwa programu inafuata maneno, kazi kubwa ya mzazi iko kwenye agizo, yale maelezo anayoyaandika. Katika maelezo ya LAION-5B, kama bilioni 2.3 yalikuwa ya Kiingereza, na lugha nyingine zaidi ya 100 zikagawana kiasi kama hicho. Programu za maongezi kama ChatGPT huelewa Kiswahili vizuri kiasi, na baadhi hulipanua agizo lako zenyewe kabla ya kuchora. Tatizo liko kwenye vitu ambavyo havikupigwa picha na kuelezwa mara nyingi.

Niliandika nataka bibi akikuna nazi kwenye mbuzi, mjukuu pembeni ameshika kifuu. Picha iliyorudi ilikuwa safi kabisa, mistari minene, imefunga vizuri. Bibi alikuwa amekaa juu ya mgongo wa mnyama mwenye pembe na ndevu, nazi mkononi. Sikuwa na la kulaumu, ndivyo nilivyoandika. Mara ya pili niliacha jina la kifaa, nikaeleza umbo lake: kigoda cha mbao cha kukunja, mbele yake kimetokeza chuma bapa chenye meno, chini ya chuma kuna bakuli, mtu amekalia kigoda. Ilikaribia sana. Tangu siku ile, hii ndiyo kanuni yangu: kitu cha kwetu kieleze kwa umbo, usikitaje kwa jina peke yake.

Kanuni hiyo inaokoa na jambo jingine linaloniudhi kila mara. Nikiomba "nyumba ya Kiafrika" napewa msonge wa nyasi, na mti wa savana wenye kichwa bapa nyuma yake, hata kama mtoto anakaa ghorofa ya tatu Kariakoo. Andika unachokiona ukifungua mlango: paa la bati, baraza ya saruji, grili dirishani, ndoo mbili, kamba ya kuanikia nguo.

Hili ndilo agizo lililonipa ukurasa niliouridhia:

"Ukurasa wa kupaka rangi wa mtoto wa miaka mitano. Mistari myeusi minene juu ya weupe mtupu, bila kivuli, bila kijivu, bila maeneo yaliyojazwa weusi. Msichana mwenye nywele za mabutu na pengo la jino la mbele amekaa kwenye mkeka barazani, karibu na bibi yake aliyejifunga kanga. Kanga iwe na pindo nene, katikati iwe wazi bila nakshi. Paka mwenye mkia mfupi mlangoni. Ukurasa wa wima. Bila maandishi."

Umri umetajwa mwanzoni kwa sababu unabadilisha kila kitu. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anataka vitu viwili vitatu vikubwa. Wa miaka tisa atachoka navyo kabla chai haijapoa. Sentensi ya kivuli na kijivu imetokana na dhana kwamba picha yoyote isiyo na rangi inafaa kupakwa rangi. Haifai. Kijivu ni rangi iliyotangulia, na krayoni ya njano juu yake hutoa uchafu. Na "bila maandishi" nimeweka kwa sababu mashine hizi huchora herufi kama maumbo, hazitamki neno. Mpya zimeboreka sana, hata hivyo jina la mpwa wangu lina herufi sita na lilinirudia likiwa na saba. Acha nafasi juu ya ukurasa, uandike jina kwa mkono au kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Kabla ya kuprinti, hesabu pia vidole vya waliochorwa, maana mashine huweza kuvikosea kama inavyokosea herufi.

Uso wa mtoto

Sasa lile swali la tatu. Ukipakia picha kwenye programu ya namna hii, kwa kawaida haichakatwi ndani ya simu yako. Inasafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, za kampuni, mara nyingi nchi nyingine, na kinachofuata kinategemea masharti uliyoyakubali kwa kubonyeza kitufe. Kampuni nyingine hufuta baada ya muda, nyingine hujiwekea ruhusa ya kutumia picha kufunzia modeli zake isipokuwa umekwenda kwenye mipangilio na kukataa. Kuifuta picha kwenye simu yako hakugusi nakala hiyo. Na ukipitia kwa muuzaji wa WhatsApp, umeongeza mkono mmoja katikati: picha iko kwenye simu yake, na kwenye programu yoyote aliyoichagua bila kukwambia.

Hofu hii haijatungwa. Juni 2024 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza kwamba ndani ya LAION-5B limekuta viungo vya picha za watoto wa Brazil, baadhi zikiwa na majina yao, picha ambazo familia ziliziweka mtandaoni kwa nia njema. Mwezi uliofuata likaeleza hivyohivyo kuhusu watoto wa Australia.

Sheria zetu hazijanyamaza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na sheria hiyo imeweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kenya ina sheria yake ya 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto. Kwa hiyo mwalimu wa chekechea anayetaka kuwatengenezea wanafunzi thelathini kurasa zenye sura zao hana budi kuwauliza wazazi kwanza, hata kama zawadi ni ya bure na nia ni njema. Na anayepakia picha ya mtoto mwenye sare yenye nembo, kisha akaandika jina kamili kwenye agizo, ametoa uso, jina na shule kwa mara moja.

Lakini hoja yangu kubwa ni ya kisanaa kuliko ya kisheria. Programu zilizotoka tangu 2025 zinaweza kuhifadhi sura ya mtu kwa kiwango cha kushangaza kwenye picha ya rangi. Kwenye ukurasa wa krayoni, ambako mstari una unene wa milimita moja au zaidi, uso wote unabaki macho mawili, pua na mdomo. Mfanano unaopotea pale ni uleule uliokufanya upakie picha. Mtoto wa miaka mitano hajitambui kwa upana wa paji la uso. Mpwa wangu alipoonyeshwa ukurasa uliotokana na maneno matupu, aliweka kidole kwenye pengo la jino akasema, "Mimi huyu." Kisha akamtafuta paka.

Anayetaka sura halisi anayo njia isiyohitaji hata bando. Printi picha, iweke kwenye kioo cha dirisha mchana, weka karatasi nyeupe juu yake, fuatisha kwa kalamu nyeusi mistari unayoona inastahili. Ni dakika ishirini, na uamuzi wote wa kipi kiachwe unabaki kwako.

Wanaotaka kuuza waelewe kwamba kumweka mtoto wa mteja kando ya katuni ya kampuni fulani si jambo dogo. Juni 2025 Disney na Universal waliishtaki Midjourney, kampuni yenye programu ya kuchora kwa akili mnemba, huko Marekani kwa sababu ya wahusika wao. Na Marekani hukohuko, mahakama ya rufaa ilisema Machi 2025 kwamba kazi ambayo mwandishi wake pekee ni mashine haipati hakimiliki, kwa hiyo huko mchoro uliotoka kwenye mashine ulivyo unaweza kunakiliwa na mtu mwingine.

Kwenye steshenari

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika, na mara nyingi lawama hupewa printa. Picha ya kompyuta ni vitone, kama mkeka ulivyo miale ya ukindu. Mkeka wa mtoto ukiuvuta ufunike kitanda cha watu wazima, utaona matundu. Karatasi ya A4 ikiprintiwa kwa ukali mzuri, vitone 300 kwa kila inchi, inahitaji vitone 2480 kwa 3508. Programu nyingi hukupa picha ya 1024 kwa 1024, ambayo kwa ukali huo inatosha mraba usiofika sentimita 9. Ukiivuta ijaze karatasi, mistari inaota manyoya.

Tiba ni kuugeuza mchoro kutoka vitone kuwa mistari ya hesabu, inayokuzwa bila kuchakaa. Inkscape ni programu ya bure ya kompyuta inayoweza kufanya hivyo. Unaifungulia picha, unaiamuru ifuatishe mistari, na kwa hatua hiyohiyo kijivu kilichojificha kinalazimishwa kuwa cheusi au cheupe. Kama huna kompyuta, tafuta angalau kipimo kikubwa zaidi ambacho programu yako inatoa, na uchague wima tangu mwanzo.

Kisha usiitume steshenari kama picha ya kawaida ya WhatsApp, maana hupunguzwa ukubwa njiani. Itume kama dokumenti. Kama watoto watatumia rangi za maji, omba printa ya leza au fotokopi, kwa kuwa wino wa printa nyingi za majimaji huchuruzika ukiguswa na brashi. Na printi upande mmoja tu, la sivyo kalamu za rangi zitatokeza kwenye ukurasa wa nyuma.

Ule ukurasa wetu wa barazani tuliutolea kopi nne. Kanga, kama nilivyoomba, ilikuwa na pindo na katikati wazi. Sehemu ya jina la kanga ilibaki tupu kwa sababu sikutaka mashine iandike herufi zake. Bibi mtu alivaa miwani, akachukua kalamu na kuandika mwenyewe kwa herufi kubwa: NANI KAMA MAMA. Mjukuu akaipaka pindo rangi ya zambarau, akaacha maneno yalivyo.